Siku sita na mashine inayolia: kutoka Maktau hadi mahame ya Kasigau

Siku ya kwanza

Mimi ni fundi wa redio na simu, Voi. Kwenye safari hii nimeitwa kwa sababu moja tu: ditekta ya kutafutia chuma ililetwa kibandani kwangu mwaka jana ikiwa imekufa, nikaifufua, na mwenyewe akaona heri mkono ulioifufua ndio uishike. Mwenyewe ni mwanaakiolojia anayetafuta mabaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia huku kwetu Taita, sisi tunamwita Daktari. Kibali cha kutafuta anacho yeye, si mimi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kila nikimwonyesha mtu picha ya ganda la risasi, swali la kwanza ni mashine kama hiyo inauzwa wapi ili naye aende kwenye kilima cha vita cha Salaita na sururu. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 haikuruhusu kuchimbua vitu vya kale bila leseni. Na hata sheria isingekuwepo, ganda lililong'olewa bila kuandikwa lilikuwa limelala wapi ni shaba chakavu tu, la kupimwa kwa mizani ya mnunuzi wa vyuma.

Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi, wanne ndani ya Land Cruiser: Daktari, dereva, mimi, na Mwalimu, mstaafu wa somo la historia ambaye hajawahi kustaafu kufundisha. Kabla hatujaiacha Voi ametulazimisha tushuke kwenye makaburi ya vita. Hapo amelala Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia wa kikosi cha Waingereza cha 25th Royal Fusiliers. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alipigwa risasi ya mguu. Wenzake walikuwa wanambeba waondoke naye, akaona majeruhi wengine hawabebeki, akakataa kwenda. Alitumaini kwamba adui akikuta ofisa amebaki pale huenda angewaachia roho zao. Waliuawa wote. Alipewa nishani ya ushujaa ya Victoria Cross akiwa kaburini.

"Huyu ana jiwe," akasema Mwalimu, "na mimi simwonei wivu, alilistahili. Haya, twende."

Njiani darasa limeendelea. Tarehe 15 Agosti 1914, vita vikiwa havijatimiza hata wiki mbili, Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Moshi wakaitwaa Taveta. Kutoka hapo walituma vikundi vidogo vya askari na baruti kuja kulipua reli ya Uganda. Ukiitazama ramani utaelewa: kati ya mpaka na reli sehemu kubwa ni nyika kavu. Waingereza wakajibu kwa reli yao, kutoka Voi kuelekea magharibi, na katikati ya mwaka 1915 ilikuwa imefika Maktau. Ndiyo reli ile ile iliyokuja kuungana na ya Wajerumani kule Kahe, na ambayo siku hizi nyasi zimeifunika, barabara mpya ya lami ikipita kando yake kama tajiri asiyemjua tena jirani.

Tulifika Maktau saa tatu. Familia inayomiliki shamba tulilolilenga ilikuwa inatungoja, na mama mwenye nyumba akataka kwanza ahakikishiwe mambo mawili: kwamba mashimo yatafukiwa, na kwamba hatutafuti dhahabu. Tukamhakikishia yote mawili. La pili nadhani hakuliamini.

Sasa niieleze mashine. Ina sahani chini, mpini, kioo chenye namba, na visikizio vya masikioni. Sahani inapeleka mawimbi ardhini, metali ikiwepo inayarudisha, na mashine inakadiria ni metali gani. Chuma cha pua na bati la mkebe hukoroma kwa sauti nzito, namba ndogo. Karatasi ya sigara na vizibo huwa katikati. Shaba ya ganda la risasi hupanda juu kidogo na kulia safi, fedha hulia kama kengele. Tatizo la kwetu ni udongo wenyewe. Wekundu ule ni kutu, kwa hiyo mashine isipozoeshwa ardhi italia kila hatua. Unaitafutia mahali pasipo na kitu, unapandisha sahani na kuishusha, kupanda na kushuka, kama mtu anayepepea jiko, hadi inyamaze. Halafu unaiambia isichotakiwa kukusumbua. Nami jioni hiyo, baada ya saa mbili za misumari ya reli, waya wa uzio na mikebe, niliiambia isinisumbue na chuma. Nikakichuja chote. Kimya kikarudi masikioni, nikajiona fundi kweli kweli.

Mavuno ya siku ya kwanza: vizibo vya soda kumi na kimoja, betri moja, kijiko, na saa kumi jioni, kina cha kiganja, ganda moja la .303 la Waingereza. Nilipiga kelele kama mtoto. Daktari akaja, akapiga magoti, akalipiga picha kabla sijaligusa.

Siku ya pili

Leo tumefanya kazi. Daktari amechora mistari kwa kamba, mita mbili kati ya mstari na mstari, nami nimetembea na kurudi, kutembea na kurudi, sahani ikifagia chini. Kila mlio, kibendera. Nyuma yangu Daktari anachimba kwa mwiko, anapima kwa GPS, anatia kwenye mfuko wenye namba. Mwalimu anaandika. Dereva anaangalia ndovu, na simtanii, geti la Tsavo Magharibi liko hapo hapo na mavi mabichi tumeyakuta kwenye mstari wa nne.

Ukisafisha kitako cha ganda kwa mswaki na maji utaona maandishi. Kuna yenye R na L na mshale katikati, hizo ni za kiwanda cha jeshi cha Woolwich, London. Kuna yenye K na F, mshale katikati pia, hizo zimetoka Kirkee, karibu na Pune, Uhindi. Kwenye mstari wa saba yalilala mawili hatua moja kutoka moja hadi jingine, la London na la Uhindi, na kwa kweli ndivyo kambi yenyewe ilivyokuwa: Loyal North Lancashire kutoka Uingereza, 130th Baluchis kutoka Uhindi, askari wa KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kutoka huku kwetu. Makaburi ya Wahindi yapo Maktau hadi leo.

Kuna kitu kimoja kimenikaa. Ni gololi ya risasi, yaani ile metali laini, nzito kuliko inavyoonekana, nyeupe-kijivu kama jino la kale, upande mmoja bapa pale ilipogonga kitu. Daktari anasema ni ya kombora la shrapneli: chupa ya chuma iliyojazwa gololi kama hizo, hupasuka hewani na kuzimwaga mbele. Nimeishika kiganjani muda mrefu. Ubapa ule una mchirizo mwembamba, kama alama ya ukucha. Iligonga jiwe? Mti? Mwalimu alinitazama akasema nisiendelee na orodha hiyo.

Saa sita hivi mashine ilinguruma mpaka nikavua visikizio. Daktari alikwangua kidogo, ikatokea pua ya shaba iliyochongoka, chini yake chuma kinene. Akasimama taratibu, akatuambia turudi nyuma kwa nyayo zetu zile zile. Hatukuigusa. Tumefunga utepe mwekundu, tumemweleza mwenye shamba aweke watoto na mbuzi mbali, na tumepiga ripoti polisi. Kombora likikaa miaka mia moja chini ya ardhi halizeeki kwa busara, linazidi tu kuwa na hasira za ghafla. Mwenye shamba alisema marehemu babake aliwahi kutumia kitu kama hicho kuegemezea mlango wa zizi.

Alasiri tulitoka kwenye kambi yenyewe tukaenda upande wa kusini, mahali ambapo Mwalimu anaamini wapagazi walikuwa wakilazwa. Mistari sita. Mashine haikutoa hata mlio mmoja wa maana. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza kwenye vita hivyo, kwa hesabu ya serikali yenyewe, ni zaidi ya 40,000, wengi wao kwa kuhara na homa, na majina ya Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi yametokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Mwalimu alisimama na daftari lake tupu.

"Mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake," akasema, "angedondosha nini?"

Jioni tulikwenda hadi Salaita bila mashine, kuangalia tu. Ni kilima kidogo, ukikiona utashangaa. Tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini waliokuwa wamefika juzi tu walikipanda mchana kweupe. Wajerumani na askari wao walikuwa kwenye mahandaki chini ya kilima, si juu ambako mizinga ilipiga. Zaidi ya watu 170 wa upande wa Waingereza waliuawa, kujeruhiwa au kupotea, na waliosimama imara mpaka wengine wakapata kurudi nyuma walikuwa Wabaluchi, wale wale ambao Waafrika Kusini walikuwa wakiwaita makuli. Husimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota bunduki ya mtombo iliyoachwa na wenzao, wakairudisha na kijibarua cha adabu kuomba wasiitwe tena hivyo. Waongozaji wa watalii watakuambia jina Salaita limetokana na neno la Kiingereza la machinjo. Ni hadithi tamu, mimi siinunui.

Kilimanjaro ilijitokeza dakika kumi kabla ya jua kuzama, nyeupe juu. Tukala chapati garini.

Siku ya tatu

Siku iliyopotea, karibu yote. Betri nilizonunua kwa bei nzuri kwenye duka moja zilikuwa feki. Kwenye kifuniko zimeandikwa uwezo ambao hata betri ya gari ingeona haya. Mashine iliwaka, ikazima, ikawaka, ikaanza kulia peke yake ikiwa imelala kitini. Fundi mzima nimeuziwa betri feki! Dereva hajaacha kucheka tangu Mwatate.

Tumerudi Voi, tumenunua nyingine kwa bei ya kuumiza, kisha tukashika barabara ya Mombasa hadi Maungu na hapo tukaacha lami. Kutoka Maungu hadi Rukanga ni vumbi, kama kilomita 30, na mlima wa Kasigau unakuja mbele yako wima, mweusi, umejifunika wingu kichwani wakati kila mahali pengine panaungua. Wingu hilo ndilo siri ya vita vya huku. Kasigau ina maji. Mjerumani aliyetembea kutoka upande wa Pare kwenda kulipua reli alihitaji kunywa mahali fulani, na pa kunywa palikuwa hapa. Mwingereza alijua hivyo, akaweka kambi.

Na sasa niseme kwa nini nilikubali safari hii hata kabla ya kuuliza malipo. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa Mkasigau. Alizaliwa Malindi, na hakupenda kuulizwa kwa nini Mkasigau azaliwe Malindi.

Jibu Mwalimu analijua bila daftari. Mwaka 1915 kambi ya Waingereza pale Kasigau ilishambuliwa na Wajerumani. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliowaonyesha njia. Mwezi wa Agosti nyumba za Wakasigau zilichomwa moto na watu wote, wazee, watoto, wakachukuliwa kupelekwa Malindi. Watu wa mlima wenye ubaridi walitupwa pwani kwenye mbu na njaa, na wengi walikufa huko. Vita vilipoisha waliletwa Mwatate, si kwao. Kwao, chini ya mlima huu, hawakurudi mpaka miaka ya 1930. Wajerumani nao, hao waliodaiwa kupendwa na wenyeji, waliuteka mlima Desemba 1915, nyumba zikiwa majivu tayari, wakakaa wiki kadhaa wakaondoka.

Tumelala Bungule. Mama aliyetupokea ametupa kimanga na maziwa ya mgando. Nimekula mara tatu.

Siku ya nne

Kabla ya jua tulikuwa tunapanda. Anayetuongoza ni Mzee wa familia ambayo mahame haya ni yake. Ana fimbo, viatu vya tairi, na mapafu kuliko sisi wote. Baada ya saa moja na nusu tulifika kwenye mabega ya mlima, mahali palipo tambarare kidogo: mawe yaliyopangwa kushikilia udongo, jiwe la kusagia lililolika katikati kama tandiko la punda, na mistari ya minyaa iliyokuwa ua, sasa imekuwa miti mirefu isiyomzuia mtu yeyote.

Mzee alisimama akanena maneno yake kwa kikwao, chini chini. Kisha akageuka akanyoosha fimbo kwenye mwamba upande wa juu. "Pale hapaendi mashine." Hakueleza na hatukuuliza. Sisi wa Taita tunajua kwamba wazee wa zamani waliwekwa mapangoni, mafuvu yao yakitazama nje. Daktari akachora mpaka kwenye ramani yake, akauongezea mita hamsini.

Nikaizoesha mashine udongo wa hapa, ambao ni mweusi zaidi na mpole, na nikaanza na mpangilio wangu wa Maktau. Ilikuwa siku nzuri kwa kipimo cha siku nzuri nilichokuwa nacho. Juu ya mahame, kwenye ukingo wa mawe, maganda saba ya .303 kwenye mstari wa mita nne. Mtu mmoja, au wawili, walilala hapo wakafyatua kuelekea bondeni. Nikamwuliza Daktari: walikuwa wanapiga nyumba?

"Ganda halisemi lilimfyatulia nani," akasema. "Linasema mtu alikuwa hapa, ametazama huku. Inaweza kuwa Agosti, inaweza kuwa Desemba, inaweza kuwa mtu mwingine kabisa anayewinda paa mwaka 1920."

Mahali pengine, mbali kidogo, tulipata ganda la Mjerumani. Kitako chake kimegawanywa robo nne: herufi ya kiwanda, mwezi, mwaka 11, na S67, maana yake shaba yenye asilimia 67 ya kopa. Hapa Mwalimu alikaa chini kabisa kutusimulia. Askari wengi wa Kijerumani walianza vita na bunduki za mwaka 1871, za baruti nyeusi, ukifyatua unajifunika moshi na kila mtu anajua ulipo. Kisha Aprili 1915 meli iitwayo Rubens ikapenya kizuizi cha Waingereza ikijifanya ni Kronborg ya Denmark, ikabanwa na kuungua kwenye Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Wajerumani wakapiga mbizi, wakatoa bunduki mpya na risasi, wakazifungua risasi moja moja na kuianika baruti juani. Ganda letu laweza kuwa ni katika hizo zilizoanikwa, au la. Lilikuwa kavu kabisa, nilisema, na hakuna aliyecheka.

Na senti yenye tundu katikati, ya serikali ya Protektoreti, yaani utawala wa Waingereza, mwaka wake umelika. Watu walizitunga kwenye kamba.

Saa nane tulipumzika kivulini. Mzee alikuwa ameniangalia tangu asubuhi bila neno. Akaniuliza, kwa upole wa mtu anayeuliza bei:

"Mwanangu, hiyo mashine yako inasikia jembe?"

"Jembe ni chuma, Mzee. Chuma nimekizima. Kinapiga kelele sana."

"Umekizima."

"Ndiyo. Ili nisikie shaba."

Akatikisa kichwa polepole, akatafuna kijiti chake. "Basi umesikia askari tu," akasema.

Sikujibu. Niliinama nikajifanya nakaza skrubu ya sahani, ambayo haikuwa imelegea.

Siku ya tano

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiria jinsi nilivyoifundisha mashine mwenyewe, kwa kidole changu, kwa kubonyeza mara mbili. Watu wote wanaotumia mashine hizi hufanya hivyo. Ni jambo la kawaida, hata kitabu chake cha maelekezo kinakushauri. Unatafuta vita, na vya vita ni shaba na risasi. Lakini mama aliyeishi hapa mwaka 1915 alikuwa na shaba gani? Bangili labda, na hiyo alikwenda nayo mkononi. Vilivyobaki ni jembe, kisu, njuga ya mbuzi, ncha ya mshale. Chuma chote.

Asubuhi nikafungua chuma.

Ninyi mnaojua mashine hizi mtaelewa, na wengine nitawaambia: ni kama kuingiza kichwa ndani ya kikaango. Mlima una mawe yenye chuma chake, yanakoroma nayo. Nilipunguza nguvu, nikaenda mwendo wa kinyonga, sahani ikipita juu ya kipande kile kile mara tatu, mara nne. Jiwe hukoroma ukipita upande huu na kunyamaza ukipita upande wa pili. Kitu cha mkono wa mtu hukoroma pande zote mbili. Nimechukua saa nzima kujifunza tofauti hiyo, na hadi saa tano kichwa kilikuwa kinaniuma mpaka kwenye meno. Jana nilitembea mistari kumi na minne. Leo mitatu.

Mlio wa kwanza uliosimama pande zote mbili ulikuwa hatua tano kutoka kwenye jiwe la kusagia. Daktari alichimba. Alianza na mwiko, kisha akauweka kando akashika brashi, kisha akaweka brashi kando akatumia kijiti cha mianzi. Mzee alisogea akachuchumaa. Kilichotokea kwanza kilikuwa kama gamba la mti, kahawia, limevimba. Kutu huvimba, huficha umbo la kitu ndani yake. Halafu ukingo mmoja ukajitenga na udongo, uliopinda, na mkia mwembamba nyuma yake.

Jembe la mhunzi, si la dukani. Mkia ule hupenyezwa kwenye tundu la mpini, tofauti na haya yetu yenye pete. Upana wake ni kama kiganja changu na vidole viwili, na upande mmoja umelika zaidi ya mwingine, umelika kwa mteremko kama kisu kilichonolewa na mtu mmoja miaka mingi. Mzee alinyoosha mkono wa kulia hewani juu yake, bila kuligusa, akageuza kifundo. "Aliyelima nalo alikuwa anatumia mkono huu," akasema. "Udongo anaukata hivi." Alikuwa sahihi, ukingo ulioisha ndio huo.

Chini ya jembe udongo ulibadilika rangi. Mweusi, halafu kijivu, halafu mwekundu uliobanikwa. Ndani ya mweusi Daktari akaokota kwa ncha ya kijiti punje ndogo, nyeusi tititi, nyepesi. Akaiweka kwenye karatasi nyeupe. Nyingine. Nyingine. Punje zilizogeuka makaa huwa hazina cha kuliwa na mchwa, hukaa. Akatazama kwa lenzi, akanipa nami nitazame. Ilikuwa na umbo lake zima, hata kile kidoa ambapo mmea ungeanzia.

"Mtama," akasema Mzee kabla ya mtu yeyote.

Daktari, kwa desturi yake, akatupa maji baridi. Ni lazima zipimwe maabara. Moto unaweza kuwa wa jikoni, unaweza kuwa wa ghala lililoungua mwaka mwingine, hakuna aliyesimama hapa leo anayeweza kusema ni moto wa Agosti 1915. Nakubali. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Lakini nimeona pia kwamba aliacha kuongea kwa muda mrefu, na kwamba chakula cha mchana alikisahau.

Mpaka jioni tumepata njuga moja isiyo na ulimi, ncha mbili za mshale, kipande cha kisu, na nusu ya kitu ambacho hatukijui. Ganda la risasi hata moja hatukulipata, ingawa mashine ilikuwa na uwezo wa kuyasikia pia. Sikuyatafuta, hilo ndilo neno la kweli.

Siku ya sita

Tumefukia mashimo yote, tumerudisha nyasi juu. Mvua ya wingu la mlima ilitulowesha kwa muda wa saa nzima tukiteremka, na nilibeba mashine ndani ya koti langu kama mtoto.

Chini ya mwembe wa Bungule, Daktari alitandaza mifuko yote kwenye turubai, mbele ya Mzee, mama mwenye nyumba na yeyote aliyetaka kuja, nao walikuja wengi. Vitu vinakwenda makumbusho, vitasafishwa na kuhifadhiwa, na nakala ya orodha inabaki hapa. Alisoma namba moja moja. Maganda yalipita haraka, watoto tu ndio waliyashangilia. Mama mmoja mzee aliomba aone njuga, akaitikisa sikioni, haikulia, akairudisha.

Ikafika namba 31. Daktari akasoma alivyoandika kule juu kwenye mvuke na uchovu: "Kipande cha chuma, bapa, chenye mkia, kutu nyingi."

Mzee alikuwa ameshika kalamu tayari kutia sahihi. Akaiweka chini.

"Andika jembe," akasema.

Daktari akaanza kueleza kwamba mpaka kitu kisafishwe, kwa utaratibu wa kazi, huandikwa kinavyoonekana na si kinavyodhaniwa. Alieleza vizuri, kwa heshima. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo, nimekuelewa. Andika jembe."

Daktari akakata mstari, akaandika jembe, akatia herufi za jina lake kando. Mzee akasaini. Tuliondoka saa nane, na Rukanga tukakuta ng'ombe wamejaa barabarani, tukangoja.